Miezi ya Kimya: Ushauri kwa Wanamuziki Wenzangu wa Mombasa

Mwanamuziki wa Mombasa anayeishi kwa harusi na hoteli hana budi kuzijua kalenda mbili. Ya kwanza ni ya watalii, ambao hupungua katika hoteli za Bamburi, Shanzu na Diani masika yanapoingia, kati ya Aprili na Juni. Ya pili ni ya Kiislamu, ambayo husimamisha harusi na ngoma mwezi mzima wa Ramadhani na hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ipo miaka ambapo kimya cha hoteli na kimya cha harusi hukutana. Mwaka 2021 Ramadhani ilianza katikati ya Aprili, huku kafyu ya usiku iliyowekwa Machi 2020 kwa sababu ya korona ikiwa bado haijaondolewa, na wengi wetu tulijiona tumekwisha. Ndiyo maana msanii anayehisi kwamba kipaji kimemkimbia, mimi humshauri kwanza atazame tarehe, kwani huenda kilichokauka ni msimu tu.

Jambo la pili linahusu watu. Mimi hupiga kinanda katika kikundi cha taarabu, na ninaujua utamu wa kutunzwa fedha ukumbini, lakini fedha zile ni za wimbo na za furaha ya mwenye harusi. Anayezitoa hatajua nikiugua wiki ijayo. Watakaojua ni wale ninaochukua nao jeneza na kunywa nao kahawa barazani baada ya alasiri. Msimu mmoja nilipoacha kutoka nje, wazee wa mtaani kwetu Majengo, kwa adabu yao, hawakuja kuniuliza nina nini, bali walimtuma kijana aje kuniambia kwamba kahawa inapoa. Nilitoka. Kwa hiyo nenda mazishini hata kama umelala alfajiri, hudhuria harusi usiyolipwa, umfundishe mtoto wa jirani kupiga dumbaki, ili mtaa ukujue kwa jina la nyumbani na si kwa jina la jukwaani pekee.

Hata utunzi wenyewe haukuwa kazi ya mtu aliyejifungia chumbani. Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi Mombasa na kufariki mwaka 2016, aliimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Maneno yakikugomea, mtafute mshairi, ukae naye, umsikilize anavyoyapima mizani. Mara nyingi lahani hujitokeza katika mazungumzo hayo.

Kuhusu usingizi nitasema machache: anayekesha kwa muguka, majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, Ijumaa na Jumamosi, kisha akashangaa kwa nini Jumatatu moyo ni mzito, aanze kwa kulala.

Uzito ukidumu wiki baada ya wiki, hata chakula kikakosa ladha na ala ikawa mzigo, hilo halimalizwi na baraza. Hospitali ya Port Reitz ina huduma za magonjwa ya akili, na hakuna ugomvi kati ya dua ya sheikh na dawa ya daktari, ijapokuwa wapo watakaokuambia kwamba una pepo. Waliowahi kufikiria kujiua wana sababu moja pungufu ya kujificha: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mwambie daktari waziwazi, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani.

Mwisho ni fedha, maana dhiki ya kodi huzaa nusu ya huzuni zetu. Katika kikundi chetu tulikubaliana kwamba sehemu ya malipo ya harusi za Shaabani na Mfungo Mosi, yaani miezi inayoitangulia na kuifuata Ramadhani, ambazo ndizo nyingi, iwekwe kwa mweka hazina asiye mwanamuziki, asiguswe na maombi ya mtu yeyote kabla ya mwezi wa kimya kuingia. Sisi tulimchagua mke wa mpiga fidla, ambaye hadi leo hajamkopesha hata mumewe.