Cannes Song Kang-ho alishinda kwa Broker, si Parasite
Wapo wanaosema Parasite ndiyo iliyompa Song Kang-ho, mwigizaji wa Korea Kusini, tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Hapana, tuzo hiyo aliipata 2022 kwa Broker, filamu ya Kikorea iliyoongozwa na Mjapani, Hirokazu Kore-eda. Parasite ilibeba Palme d'Or ya 2019, tuzo kuu ya Cannes, na hiyo hupewa filamu, si mwigizaji. Nadhani wengi huchanganya kwa sababu ya ile picha ya Bong Joon-ho, mwongozaji wa Parasite, amepiga goti akimkabidhi Song tuzo hiyo.

Ni kweli ndiye mwanamume wa kwanza wa Korea kuipata, ila kwa wanawake mwigizaji Jeon Do-yeon alishatangulia 2007 kwa filamu ya Secret Sunshine, na Song yumo kwenye filamu hiyo hiyo. Kwa hiyo wanaoandaa maonyesho ya filamu zake wakiiacha hiyo, kwangu mimi wamekosea sana.

Kama una nafasi ya filamu moja tu, tazama Memories of Murder (2003). Mwishoni mpelelezi wa zamani, anayeigizwa na Song, anachungulia mtaro kando ya shamba, kisha anageuka na kuikazia macho kamera. Nimeona filamu zake nyingi, na hapo ndipo anaponimaliza kabisa. Parasite iwe ya baadaye.