Umeme ukirudi kompyuta haiwaki, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nina steshenari Mbagala, nimefunga kamera nne zinarekodi kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, Dell OptiPlex 780, niliichukua mtumba. Shida ni umeme. Ukikatika saa saba usiku ukarudi saa nane mashine inabaki imelala mpaka nije kufungua asubuhi, yaani masaa ambayo mwizi angekuja ndo hayohayo hayana picha. Kuna kijana akanionyesha pa kuseti ili iwe inawaka yenyewe, tukaseti, umeme ukakatika tena na haikuwaka. Tumeshaseti mara tatu. Halafu ina katabia ka kurudisha tarehe nyuma miaka mingi ila hako nshakazoea. Ninunue nyingine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue kitu. Hako katabia ulikokazoea ndo ugonjwa wenyewe.

Kijana wako hakukosea. Ila kwenye mashine za umri huo tarehe na setingi za bayosi (ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows) zinashikiliwa na kibetri cha duara kilichoko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kinaitwa CR2032, cha volti 3. Plagi ikiwa ukutani na umeme upo huwezi kuona shida yoyote maana mashine inajishikilia hata ukiwa umeizima, sasa umeme ukikatika ndo zamu ya kibetri inafika na chako kimeshakufa siku nyingi, kwahiyo ile setingi mliyoweka inafutika saa ileile unayoihitaji! Na hata ingewaka ingekwama kwenye yale maandishi ya kukwambia ubonyeze F1, saa nane usiku nani atabonyeza.

Nenda duka la saa au la simu ukanunue CR2032, bei yake ni kama ya chipsi kavu. Chomoa plagi, kisha bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki ndani uishe, fungua, sukuma kile kibati kinachokibana kibetri kitaruka chenyewe, weka kipya alama ya kujumlisha ikuangalie wewe.

Sasa washa huku unagonga F2 uingie kwenye bayosi. Rekebisha saa kwanza, usiiruke hii, maana picha ya mwizi yenye tarehe ya miaka kumi nyuma itakusumbua ukiipeleka polisi. Halafu ingia Power Management, tafuta AC Recovery. Wenye HP za mezani gongeni F10, Lenovo F1, huko inaitwa After Power Loss. Utakuta chaguo tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Wengi wanachagua hiyo ya mwisho, Last State, inasikika ya busara, ila mimi siipendi. Ukija kununua UPS, lile boksi la betri la akiba, yenye programu ya kuizima kompyuta taratibu betri ikikaribia kuisha, mashine itakumbuka kwamba ilizimwa kwa heshima, basi umeme ukirudi itabaki imezimwa vilevile. Weka Power On, seva na za kamera zote weka hiyo.

Usisubiri umeme ukatike ndo ujue kama imekubali. Zima Windows kawaida, zima swichi ya ukutani, hesabu mpaka thelathini, washa ukutani. Ikiwaka bila kuguswa umemaliza, na hadidiski hujaiumiza kwa kuikatia umeme ikiwa inaandika.

Bado password. Mashine itawaka halafu itakaa inasubiri uandike, kamera hazirekodi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika netplwiz, toa tiki pale juu, itaingia yenyewe. Ila tengeneza akaunti ya kawaida isiyo ya admin ndo uiruhusu kuingia hivyo, steshenari inapita watu wengi na kila mtu anataka kuchomeka flashi. Na programu ya kamera iambie ianze pamoja na Windows, nyingi zina hiyo sehemu kwenye setingi zake.

Kingine, umeme wetu ukirudi mara nyingi unakuja, unaondoka, unakuja tena, na sasa mashine yako itakuwa inashtuka kila mara. Ichomeke kwenye frijigadi, ileile ya friji, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndo inaachia. Hilo boksi la kompyuta halili umeme wa kuishinda frijigadi.

(Zile za zamani kabisa, kabla muundo wa mazabodi na pawasaplai unaoitwa ATX haujaingia 1995, hazikuwa na mambo haya. Swichi yake ilikuwa inakata umeme kama ya taa, ukiiacha imewashwa umeme ukirudi na yenyewe inawaka.)

SWALI: Fundi habari, niko Kisauni Mombasa. Hii kitu inaweza fanyika kwa laptop?

JIBU: Nzuri. Kwa nyingi hapana, hiyo sehemu kwenye bayosi zake hakuna. Laptop kinga yake ni betri, sasa kama yako imekufa na unaitumia kwa chaja tu, badilisha betri. Nzima itaivusha hilo saa moja la giza bila kuzima, tena bila kuseti chochote.