Kabla ya kuishtaki kampuni ya dawa, itunzeni hiyo chupa

Ndugu mleta mada, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Unasema mtoto wa kaka yako, mwenye miaka mitatu, alinunuliwa dawa ya maji ya kikohozi dukani hapo Mwanza, siku ya tatu akaanza kutapika na kukosa mkojo, na sasa amelazwa hospitali ya rufaa anasafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zimegoma. Unauliza kama familia inaweza kuishtaki kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo, ambayo iko nje ya nchi. Wachangiaji kadhaa wamekujibu kwamba kesi za namna hiyo huku kwetu hazipo na kwamba mmwachie Mungu. Mimi si mwanasheria, ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, lakini njia hiyo nimeipita miaka mitatu kwa ajili ya mdogo wangu, nikashindwa, na kilichotushinda hakikuwa ukosefu wa sheria.

Mwaka 2011 mdogo wangu alipata homa na kifua, akaenda duka la dawa la mtaani na kuuziwa vidonge vya jamii ya salfa. Muuzaji alifungua kopo kubwa la vidonge elfu moja, akavihesabu kwa kijiko juu ya kisahani cha plastiki, akavitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake kwa kalamu ya bluu "2 x 2". Basi. Hapakuwa na jina la dawa, wala la mtengenezaji, wala tarehe ya kuisha muda, wala namba ya toleo, yaani ile inayotambulisha dawa zilizotengenezwa pamoja kwa mkupuo mmoja. Siku ya nne midomo ilivimba, macho yakawa mekundu na kugandana, kisha ngozi ya mgongo na mapaja ikaanza kuvuka mapande kwa mapande kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Daktari aliyempokea aliutambua palepale kuwa ni ule ugonjwa uitwao Stevens-Johnson, ambao dawa za salfa zinajulikana tangu zamani kuwa huuleta kwa watu wachache. Alilazwa wiki tano. Akapona, lakini jicho la kushoto halioni sawasawa hadi leo, na cherehani iliyokuwa ikimlisha ameiuza.

Kwa wakili tulifika mwanzoni mwa 2014, baada ya kupoteza miaka miwili na ushei tukiandikia ofisi hii na ile barua ambazo nyingi hazikujibiwa. Alikuwa mama mtu mzima, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza: "Mwalimu, kopo liko wapi?" Nikamjibu kuwa kopo lilikuwa la duka. "Na bahasha?" Bahasha nayo hatukuwa nayo tena, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni. Akaweka kalamu chini. Aliyonieleza siku ile ndiyo ninayokupa wewe, pamoja na niliyoyasoma mwenyewe baadaye kwa uchungu wa kushindwa.

Wanaosema sheria haipo wanakosea. Tangu mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson, iliyotoka Uskochi na kuamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ikihusu mwanamke aliyekunywa kinywaji cha tangawizi na kudai kuwa ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza, imekubalika kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawakuwahi kuuziana kitu. Mahakama za Tanzania na Kenya zimerithi msingi huo wa sheria ya Kiingereza. Ugumu uko kwenye ushahidi. Katika dai la uzembe, mdai ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba dawa aliyotumia ilitoka kwa mdaiwa huyu na si mwingine, kwamba ilikuwa na kasoro au haikuwa na onyo la kutosha, kwamba kasoro ilitokana na mdaiwa kutofanya alichopaswa kufanya, na kwamba hiyo ndiyo iliyomdhuru mgonjwa huyu. Hilo la mwisho lina maswali mawili ambayo watu huyachanganya: kama dawa ya aina hiyo inaweza kuleta madhara ya aina hiyo, na kama kweli ndiyo iliyoyaleta kwa mtu huyu. Swali la kwanza hujibiwa na vitabu. La pili hujibiwa na chupa, faili la hospitali na maabara.

Kesi yetu ilikuwa na udhaifu mwingine ambao yenu huenda haina. Vidonge vile yumkini vilikuwa vizima kabisa, vimetengenezwa inavyotakiwa, na mtengenezaji alikuwa ameandika onyo la aleji ya salfa katika karatasi ya maelezo. Karatasi ilibaki ndani ya kopo, dukani. Mtengenezaji angesema, na angesikilizwa, kwamba yeye alionya. Aliyekuwa na la kujibu ni muuzaji, maana mdogo wangu anaapa alimwambia kuwa dawa hizo zilishawahi kumtoa vipele. Kwenu, ikithibitika kuwa dawa ilikuwa na sumu, hakuna karatasi ya maelezo itakayomwokoa mtengenezaji. Hakuna anayeandika katika orodha ya maudhi kwamba chupa ina kemikali ya kuwekwa kwenye rejeta ya gari.

Nasema hivyo kwa sababu dalili ulizozitaja zinanikumbusha jambo ambalo limejirudia duniani mara nyingi mno. Dawa za maji za watoto huyeyushwa kwa gliserini au propilini glaikoli. Msambazaji wa malighafi akiwa mlaghai, au akichanganya mapipa, huingia diethilini glaikoli au ethilini glaikoli, ambazo kwa macho na kwa utamu zinafanana nazo lakini huua figo. Kiwango kinachovumiliwa hakizidi asilimia 0.10. Mwaka 1937 nchini Marekani kampuni ya Massengill iliyeyusha dawa ya salfa katika diethilini glaikoli bila kuipima, wakafa watu zaidi ya mia moja, wakiwemo watoto wengi. Kampuni ilitozwa faini ya dola 26,100, na si kwa vifo hivyo: sheria ya shirikisho ya wakati ule haikumlazimisha mtu kupima usalama wa dawa kabla ya kuiuza, kwa hiyo kosa lililopatikana ni kuiita "elixir", neno lililomaanisha dawa yenye kileo, ilhali haikuwa na kileo. Sheria mpya ilitungwa mwaka uliofuata. Lakini kinachonivutia zaidi katika mkasa ule ni wakaguzi wa serikali waliozunguka duka kwa duka na nyumba kwa nyumba wakiifuata kila chupa. Zilitengenezwa galoni 240, na karibu zote zilizokuwa hazijanywewa walizikamata, kwa sababu kulikuwa na rekodi za nani aliuziwa nini.

Siku hizi wanaofikishwa mahakamani ni wengi kidogo. Nigeria, ambako watoto 84 walikufa kuanzia mwaka 2008 kwa dawa ya kutuliza maumivu ya kuota meno iitwayo My Pikin, mahakama kuu ya shirikisho ilisubiriwa hadi 2013 ndipo ikawafunga wafanyakazi wawili wa kampuni ya Barewa miaka saba kila mmoja. Indonesia, ambako watoto zaidi ya 200 walipoteza maisha mwaka 2022, mkurugenzi wa kampuni ya dawa ya Afi Farma na wenzake watatu walihukumiwa kifungo cha miaka miwili mwaka 2023. Kesi ile isome kwa makini, maana hoja iliyowabana ni kwamba hawakuyapima malighafi wenyewe bali walitegemea vyeti vya msambazaji. Huo ndio uzembe unaoweza kuonyeshwa kwa karatasi: unadai rekodi za vipimo vya toleo husika, na mtengenezaji ama anazo ama hana. Mwaka 2024 mahakama ya Jakarta, katika kesi iliyofunguliwa na familia kwa pamoja, iliamuru kampuni hiyo na msambazaji walipe rupia milioni 50 kwa kila mtoto aliyefariki na milioni 60 kwa kila aliyebaki na madhara. Ni dola elfu tatu na kitu tu. Wizara ya afya na mamlaka yao ya dawa, ambazo nazo zilishtakiwa, hazikukutwa na hatia. Nakutajia kiasi hicho ili kaka yako asije akauza kiwanja kugharamia kesi akitarajia mamilioni ya kwenye sinema.

Gambia ndiyo inayofanana zaidi na hali yenu, kwa kuwa mtengenezaji alikuwa India. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kampuni ya Maiden, baada ya vifo vya watoto ambavyo baadaye vilifikia 70 au zaidi. Serikali ya India ikasema sampuli ilizozipima yenyewe hazikuwa na tatizo, na kampuni ikakana. Hapo utaona kwa nini chupa iliyofunguliwa nyumbani kwa mtoto aliyeugua ina uzito kuliko chupa iliyobaki kiwandani. Familia za watoto 19 zilifungua kesi huko huko Gambia mwaka 2023, na hazikuishia kwa mtengenezaji. Zilimuunganisha mwagizaji pamoja na mamlaka za serikali. Wakili wangu alikuwa akisema jambo hilohilo kwa maneno yake: usimfuate aliye mbali ukamwacha aliye karibu. Kwa Tanzania, dawa ya nje haisajiliwi bila mtengenezaji kuwa na mwakilishi hapa nchini. Jina lake liko katika kumbukumbu za TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, na yeye, mwagizaji na mwenye duka wote wanaweza kuunganishwa kama wadaiwa, ili wakisukumiana lawama wasukumiane mbele ya jaji.

Nitataja na Kano, kaskazini mwa Nigeria, kwa kifupi. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliifanyia majaribio dawa yake ya Trovan kwa watoto: mia walipewa hiyo, mia wengine wakapewa dawa nyingine iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walikufa, kampuni ikashikilia kwamba kilichowaua ni ugonjwa, na baada ya miaka mingi ya mahakamani, Nigeria na Marekani, ilikubali mwaka 2009 kulipa dola milioni 75 bila kukiri kosa. Familia nne za kwanza zilipata dola 175,000 kila moja mwaka 2011. Kabla ya kulipwa, wadai walitakiwa kutoa sampuli za vinasaba kuthibitisha kwamba mtoto wao kweli ni miongoni mwa wale mia mbili. Miaka 15 imepita, na mzazi bado anaambiwa athibitishe kuwa mtoto wake alikuwepo!

Sasa turudi Mwanza. Dai la uzembe katika sheria zetu lina ukomo wa miaka mitatu, na Kenya ni hivyohivyo. Mkitaka kuiunganisha taasisi ya serikali mnapaswa kutoa notisi ya siku 90 kwanza. Sisi tulifika kwa wakili ikiwa imebaki miezi mitano, tukaishia kumwandikia mwenye duka barua ya madai, naye akalipa shilingi milioni nne ili yaishe. Muombeni daktari anayemtibu mtoto aandike ndani ya faili kwamba anaishuku dawa, aitaje kwa jina, na ajaze ile fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Asiwaambie kwa mdomo tu. Damu na mkojo vilivyochukuliwa siku ya kwanza, kama maabara bado inavyo, viombewe kutunzwa. Upande wa pili utasema, na wana haki ya kusema, kwamba malaria kali, kuhara au dawa za miti shamba huangusha figo za mtoto vilevile, kwa hiyo kama mama alimpa mtoto kitu kingine amweleze daktari ukweli leo, kuliko kuja kuumbuliwa kizimbani.

Umeandika pia, kama jambo la kupita tu, kwamba chupa bado iko jikoni kwa shemeji yako na imebaki robo. Ndugu yangu, hiyo robo ndiyo kesi. Isimwagwe, isioshwe, isihamishiwe kwenye chombo kingine. Ipigeni picha pande zote mpaka namba ya toleo isomeke. Aprili 2024 Kenya ilipoiondoa sokoni dawa ya watoto ya Benylin kufuatia vipimo vya Nigeria, na Tanzania na Rwanda nazo zikafanya hivyo, tangazo halikuhusu kila chupa ya jina hilo bali toleo moja, 329304. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuona sumu, lakini angalau kila mtu alijua kinachobishaniwa ni chupa zipi. Kisha itieni chupa katika mfuko safi, mfuko huo ufungeni, mwandike tarehe na majina ya mliokuwepo, muipeleke ofisi ya TMDA ya kanda mkiwa na barua, na nakala ya barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka mlangoni.

Na mwenye duka akija kuwapa pole na kuiulizia chupa, mpokeeni, mpeni chai, lakini chupa asiishike. Wa kwetu alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akasema anataka kuutazama mwandiko wa kijana wake kwenye ile bahasha ili ajue nani alikuwa zamu. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu.