Usimwage atemia kwenye bwawa la kwanza!

Mkuu, umesema kopo la mayai ya atemia, yule mdudu mdogo wa jamii ya kamba anayeishi kwenye maji ya chumvi kali, limeshafika, Jumamosi unayamwaga kwenye bwawa la kwanza la shamba lako la chumvi, lile linalopokea maji ya bahari moja kwa moja, na unauliza watazaliana vipi na soko liko wapi. Acha! Lifunge hilo kopo.

Hapa Tanga ushauri huo huo ulitumalizia fedha za msimu mzima wa chumvi. Aliyetuuzia alijiita mtaalamu, akasema atemia ni kiumbe wa chumvi, basi maji ya bahari yanamtosha. Mwongo yule! Bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, na humo kila mwenye mdomo anamla: mwatiko, perege, kamba, hata wadudu wa maji. Atemia hana gamba, hana mwiba, hana mbio. Kinga yake ni chumvi kali ambayo adui zake hawaiwezi, basi. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, ilipoingia na vifaranga vya mwatiko, hatukuona tena hata atemia mmoja. Yule bwana simu hapokei, na makopo bado anauza.

Kwa hiyo pima. Chini ya gramu 80 kwa lita usimwage kitu. Usionje kwa ulimi, nunua kipimo. Tumia mabwawa ya kati, yale ambayo jua limeshayakaza maji, na mlangoni weka wavu wa matundu madogo kabisa. Mayai yatotoe kwanza pembeni, kwenye maji ya bahari yenye hewa, mwanga na joto la nyuzi 28; kwa saa 24 hivi watoto wametoka. Wapeleke bwawani jioni hiyo hiyo wakiwa wachanga, hapo ndipo wanaustahimili mruko wa chumvi.

Kuzaliana hakutakusumbua. Jike hubeba mayai kwenye mfuko nyuma ya miguu. Akiridhika na maji na chakula huzaa watoto hai. Chumvi ikipanda sana, kwenye 150 na zaidi, au hewa ikipungua majini, hutaga mayai ya ganda gumu kama hayo ya kopo. Hayo hayatotoi kwenye maji mazito kwa chumvi. Huelea, na kusi, upepo wa kusini, ikivuma utayakuta yamejikusanya ukingo wa kaskazini. Yachote kabla ya mvua, maana maji ya mvua yasiyo na chumvi yakitanda juu, mayai yatatotoa, kisha watoto wafe.

Bwawa lako la pili linasoma ngapi? Tuandikie namba kabla ya Jumamosi.