Usianze na kilele: kwa anayeingia kwenye fizikia ya resonansi za barioni

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kutafuta resonansi za barioni, yaani chembe za jamii ya protoni zinazoishi kwa muda mfupi mno, mkipewa data za pioni (chembe nyepesi kuliko protoni) zinazogongana na protoni, macho yenu yatakimbilia vilele vya grafu. Si ajabu, kwa sababu kilele cha kwanza kinavutia mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Enrico Fermi na wenzake huko Chicago waliona migongano ikizidi kwa kasi kadiri nishati ya pioni ilivyopanda. Ndiyo resonansi iitwayo Delta, yenye masi ya takriban MeV 1232 (MeV ni kizio cha nishati kinachotumika pia kwa masi). Lakini Delta inatudekeza: imesimama peke yake. Juu yake resonansi zinabanana. N(1520) na N(1535), ambazo namba kwenye majina yao ni masi kwa MeV, zimeachana MeV 15 tu, huku kila moja ikiwa na upana unaozidi MeV 100. Kwenye grafu mtaona mwinuko mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa programu yoyote, chukua kalamu na karatasi. Pioni chanya na protoni zina isospini (namba inayopanga chembe zinazofanana ila kwa chaji) 3/2 peke yake. Pioni hasi na protoni ni mchanganyiko wa 3/2 na 1/2. Kokotoa mwenyewe: kama ni Delta tupu, pioni chanya kurudi chanya, hasi kurudi hasi, na hasi kugeuka pioni isiyo na chaji vinapaswa kuwa kwa uwiano wa 9:1:2. Kisha linganisha na vipimo halisi karibu na MeV 1232. Hesabu hiyo ya jioni moja itakufunza kuliko wiki nzima ya kubonyeza programu ya mwingine.

Baada ya hapo, soma habari ya N(1440). David Roper aliipata mwaka 1964 bila kilele cha kujitenga, kwa kufuatilia jinsi awamu, yaani hatua ya mzunguko wa wimbi, inavyobadilika na nishati katika wimbi moja la spini 1/2 kati ya mawimbi yanayounda mgongano. Nampenda sana mfano huu. Kinachotambulisha resonansi ni mwendo wa awamu, na awamu inasomwa kwenye mgawanyo wa pembe, yaani pioni ngapi zinatawanyika kuelekea kila pembe. Jumla ya migongano peke yake haitoshi.

Ulizeni pia pioni zimetoka wapi. Zile zenye chaji huishi wastani wa nanosekunde 26 tu. Huko GSI, maabara ya Darmstadt, Ujerumani, zinazalishwa kwa kugonga berili kwa nitrojeni, kisha zinaongozwa hadi kigunduzi cha HADES. Zina kasi tofauti tofauti, ndiyo maana kila pioni hupimwa njiani. Shabaha mojawapo iliyotumika mwaka 2014 ilikuwa polithini, yenye hidrojeni na kaboni, na kaboni ikapimwa kando ili mchango wake utolewe kwenye hesabu. Hapo kuweni makini sana: kutoa huko kunaongeza makosa ya vipimo, na makosa hayo lazima yafike hadi kwenye jibu la mwisho.

Data za resonansi hizi zinazopatikana kwa kugonga protoni kwa fotoni (chembe za mwanga) kutoka maabara za Bonn, Mainz na Jefferson Lab ni nyingi na safi, lakini uchanganuzi wake bado unaegemea vipimo vya pioni vya miongo mingi iliyopita. Ndiyo maana naamini miale ya pioni inastahili vijana wapya.

Na mkinukuu masi, semeni ni ipi. Delta ni MeV 1232 kwa fomula ya Breit-Wigner, inayoeleza umbo la kilele, lakini ncha yake (kwa Kiingereza "pole") kwenye bapa la namba changamano iko karibu na MeV 1210. Anayelinganisha namba hizo mbili bila kujua atadhani amepata tofauti kubwa mahali ambapo hakuna tofauti.