Maua Meupe Chumbani kwa Bibi

SWALI: Shikamoo Mama. Natunza wazee huku Clare, Ayalandi. Juzi nilimkatia bibi ninayemhudumia matawi yenye maua meupe kando ya shamba, nikayaweka karibu na kitanda chake. Alipoyaona alishtuka, akaniamuru niyatoe nje upesi. Nimemkosea nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa tuko Mei, nadhani ulikata sceach gheal, ule mti mdogo wa miiba. Wazee wa Ayalandi wanaamini kwamba maua yake yakiingia ndani, ugonjwa au kifo hufuata. Niliishi Galway miaka mitatu na harufu yake naikumbuka: kwanza utamu, kisha kama nyama iliyoanza kuoza. Si dhana tupu. Maua hayo yana trimethilamini, kemikali ambayo pia hutoka kwenye mwili unaooza. Bibi yako ametoka katika kizazi kilicholaza maiti nyumbani usiku kucha, kwa hiyo harufu hiyo anaijua.

Tena mti wenyewe una wenyewe. Ukiota peke yake uwandani, husemwa ni wa sídhe, viumbe wasioonekana kama majini, ambao watu huwaita kwa adabu “watu wema” wasije wakaudhika. Hapo hapo Clare, mwaka 1999, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alisimama kuutetea mti mmoja huko Latoon uliokuwa ukatwe kupisha barabara kuu. Barabara ikajengwa, mti ukaachwa.

Lakini usidhani wanauchukia. Mkesha wa Mei mosi, sehemu nyingi watu waliupamba mti huohuo kwa vitambaa na maganda ya mayai, nje, mbele ya nyumba. Kizingiti ndicho chenye neno.

Basi mwombe radhi, kisha umletee maua ya njano. Hayo ndiyo yaliyotawanywa mlangoni siku hiyo ili bahati ya kupata siagi isiibwe kwa uchawi. Halafu muulize kama kwao walikula yale majani yanayowasha (nettles) mara tatu mwezi wa Mei kujikinga na maradhi ya mwaka mzima. Akianza kusimulia, kaa, hata kama chai inapoa. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule nchini humo walitumwa kuwauliza wazee mambo kama haya na kuyaandika kwenye madaftari, ambayo leo yanahifadhiwa Dublin. Nawe chukua daftari lako.