Sio kila kitu ni "mshipa": maswali yenu ya kuteguka na kuchanika

Meseji ni nyingi na karibu zote zinasema mshipa umeruka. Jamani, mshipa ni wa damu, hapa tunaongelea misuli na zile kamba zake.

Dokta, juzi nimetegua enka kwenye ndondo, mama anataka kunichua na maji ya moto. Nikubali?

Mama ana nia njema ila mwambie asubiri kwanza. Enka ikipindia ndani zinazovutika ni ligamenti za upande wa nje, kamba zinazoshika mfupa kwa mfupa, damu inavujia humo ndo maana panavimba, sasa ukichua na kuweka moto siku mbili tatu za mwanzo unazidisha uvimbe tu. Weka barafu kwenye kitambaa dakika kama 15, funga bandeji isiyobana sana, mguu uinue juu ya mto. Halafu bonyeza mfupa wa kifundo, nje na ndani, ule ukingo wa nyuma. Ukiuma mfupa wenyewe, au huwezi kupiga hatua nne, kapige eksirei. Kama unakanyaga, anza kutembea taratibu mapema, na baadae simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, watu wanalidharau sana hilo zoezi ila linasaidia isiteguke tena.

Nitajuaje msuli umechanika au umekaza tu?

Uliokaza ukiunyoosha unaachia ndani ya dakika chache. Uliochanika hauachii, na ukilazimisha kuunyoosha unauongezea. Nyama za paja wanazosemaga watangazaji ndo hizo, mtu yuko spidi ghafla anashika nyuma ya paja.

Baba kwenye bonanza alihisi kapigwa teke nyuma ya kisigino, kageuka hakuna mtu. Anachechemea ila anatembea, tumpe dawa za maumivu?

Hospitali, leo leo! Hiyo stori ya teke la mtu asiyeonekana nikiisikia tu nawaza kano ya kisigino, ile kamba inayoshika msuli wa shavu la mguu kwenye kisigino, imekatika. Mlaze kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda, minya shavu la mguu: mzima unyayo unacheza, uliokatika unatulia tu. Kuchechemea kusiwadanganye. Beckham ilimkuta hiyo akiwa Milan, Machi 2010, akakosa Kombe la Dunia Afrika Kusini. Ikiwahiwa inawezekana hata kufungwa hogo (plasta ngumu) bila kupasuliwa, mkichelewa mnampa daktari kazi ngumu.

Goti lililia "ko!", likavimba siku ileile. Uvimbe umeisha ila nikigeuka linanitoka.

Basi halijapona, ndugu yangu. Mlio, uvimbe wa haraka, goti kukutoka, hapo naishuku ligamenti ya ndani kabisa ya goti, na eksirei inaweza kusema uko poa kwa sababu inaonyesha mifupa. Muone daktari wa mifupa alipime kwa mikono, akitaka emarai (MRI, kipimo kinachoonyesha mpaka ligamenti) ataagiza. Sio kila mtu anapasuliwa, wengine mazoezi ya mapaja yanatosha, ila boli acha kwanza maana kila likikutoka linazidi kujiharibu ndani.